Samahani, Nakugeuza: Maisha ya Mtunza Ngozi wa Wodi ya Mahututi

Mapazia ya wodi ya wagonjwa mahututi yamefunguliwa nusu, na mwanga wa asubuhi unafika kwa unyonge hadi kitanda cha mwisho. Amelala hapo mzee mmoja ambaye hajafumbua macho tangu alipoanguka bafuni kwake. Mwanamume mfupi, mwenye mabega mapana, anamwinamia sikioni.

"Shikamoo, mzee," anasema. "Samahani, nakugeuza. Sasa hivi utalalia ubavu wa kulia, utaelekea dirishani. Leo kuna jua zuri, usilikose."

Inayosikika ni mashine ya kupumulia tu, ikivuta na kushusha pumzi.

Muuguzi wa zamu anaushika mrija usije ukachomoka. Mwanamume yule anapitisha mikono chini ya mgongo na mapaja, anahesabu kwa sauti, na kwa mkupuo mmoja mzee amegeuka. Kwa mtu wa pembeni kazi imekwisha. Kwake yeye ndiyo kwanza inaanza.

Anakagua visigino, vifundo, nyonga, na mfupa wa chini ya mgongo ambao ndio unaobeba uzito wa mtu aliyelala chali. Anakagua nyuma ya masikio, mahali utepe wa mrija unapokwaruza, na chini ya kidevu, jasho linapotuama. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitangazi, anaeleza, kwa hiyo macho hayatoshi. Ni lazima upapase: penye joto kuliko jirani yake, au pagumu, au palipolegea kama tunda lililoanza kuiva, hapo pana jambo.

"Hapa pana joto," anamwambia muuguzi. "Tumwekee mto chini ya shavu la mguu, kisigino kielee."

"Umesikia, mzee?" muuguzi anatania. "Bwana Geuza ameshatoa amri. Hata kisigino chako hakina ruhusa ya kupumzika."

"Kinapumzika hewani," anajibu, "kama wakubwa wanaosafiri kwa ndege."

Wanacheka wote wawili. Bwana Geuza anamtazama mzee kidogo, kisha anainyoosha shuka mpaka mkunjo wa mwisho uishe. Mkunjo mdogo tu, anasema, ukilaliwa siku nzima na mtu asiyeweza kujisogeza, unakata kama kisu.

Hapa hospitalini wachache wanalikumbuka jina lililo kwenye kitambulisho chake. Kuanzia madaktari bingwa hadi walinzi wa getini, wote wanamwita Bwana Geuza, na yeye anaitika. Ana miaka hamsini na mitatu. Alianza kazi akisukuma machela, akahamishiwa wodi ya mahututi kuziba pengo la mwenzake aliyestaafu, na hakutoka tena. Ni mhudumu, si muuguzi. Kazi yake ni kuosha, kukausha, kupaka mafuta na kugeuza, kitanda hadi kitanda, na akifika cha mwisho muda wa kurudi cha kwanza huwa umewadia.

Daktari wa ngozi wa hospitali hiyo anasema kazi hiyo hudharauliwa na watu wasioijua.

"Mtu akisikia mgonjwa mahututi anafikiria moyo, mapafu, figo," anasema daktari huyo, mwanamke mwenye sauti ya chini. "Anasahau kwamba ngozi nayo ni kiungo, tena kikubwa. Damu ikiwa haitoshi, mwili unaipeleka kwanza kwenye moyo na ubongo, ngozi inaachwa ijitegemee. Hapo inachubuka kwa kitu kidogo tu, unyevu wa nepi au plasta. Wengine wanatokwa na vipele kwa sababu ya dawa zilezile zinazowatibu. Unaweza ukamwokoa mtu mapafu, halafu akakaa miezi anauguza shimo la mgongoni."

Bwana Geuza anapoulizwa kama anaipenda kazi yake, anafikiri kwanza.

"Watu wangu hawanijui," anasema. "Aliyepona hakumbuki chochote. Akija kushukuru anamtafuta daktari, anamtafuta sista, anapita hapa hapa mbele yangu. Na asiyepona ndiyo basi tena. Sisemi kwa kulalamika. Nasema ilivyo."

Anaishi peke yake katika chumba na sebule, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Mkewe alifariki dunia miaka sita iliyopita kwa ugonjwa wa presha. Mwanawe pekee ni dereva wa malori ya masafa marefu, hupiga simu anapopata mtandao, na aghalabu mtandao humkatikia kabla hajamaliza salamu.

"Mchana kutwa naongea," anasema Bwana Geuza. "Kila ninachomfanyia mgonjwa namwambia kwanza. Nikifika nyumbani nanyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Kuna siku nilienda dukani jioni nikashindwa kutoa sauti, mpaka nikakohoa kwanza."

Upweke huo una sababu nyingine, na sababu hiyo iko mikononi mwake.

Anavua glovu ili mwandishi aone. Viungo vya vidole vimeota magamba meupe, na kati ya kidole gumba na cha shahada kuna michirizi ya mipasuko iliyopona. Ni pumu ya ngozi, aliyoipata kwa kunawa sabuni na dawa za kutakasa, na kwa kushinda ndani ya glovu zenye jasho. Haiambukizi. Daktari wa ngozi alimwambia hivyo, naye amewaambia majirani hivyo hivyo, lakini maneno na macho ni vitu viwili.

Muuza duka akaanza kumwambia aweke hela juu ya kaunta. Kinyozi akawa na wateja wengi kila anapomwona anakuja. Siku moja alikwenda kutoa pole msiba ulipotokea nyumba ya tatu, akakaa kwenye foleni ya kuwapa mkono wafiwa. Zamu yake ilipofika, yule mfiwa akasita, kisha akampigapiga begani.

"Nikasema sawa," anakumbuka. "Hata bega ni mkono. Lakini nilipofika nyumbani nikajiambia, mambo ya kwenda kwenye watu basi, niwapumzishe."

Hakutoka tena, ila kwenda kazini na kurudi. Wodini, ndani ya glovu, hakuna aliyemkwepa. Huko ndiko kulikobaki mahali pekee anapomgusa binadamu mwenzake.

Msimu wa baridi uliopita aliletwa mgonjwa ambaye hadi leo wafanyakazi wa wodi wanamtaja kwa sauti ya chini. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke wa miaka arobaini na moja. Alikuwa amepatwa na kifafa ukubwani na kuanzishiwa dawa. Wiki chache baadaye akashikwa na homa, macho yakawa mekundu, mdomo ukajaa vidonda. Kisha mwili mzima ukatoka malengelenge, na malengelenge yakaanza kupasuka.

Mwili wake, daktari anaeleza, ulikuwa umeikataa dawa. Jambo hilo hutokea kwa watu wachache sana, na likitokea ngozi huachana na nyama kama ya mtu aliyeungua.

"Nimeona mengi," anasema Bwana Geuza, "lakini yule mama ngozi ilikuwa inateleza chini ya vidole kama ganda la nyanya iliyochovywa kwenye maji moto. Ukimshika vibaya unabaki nayo."

Dawa ilisimamishwa siku hiyo hiyo. Koo lilikuwa limevimba, kwa hiyo akalazwa usingizi wa dawa na kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Macho yalifunikwa kwa vitambaa vyenye dawa. Plasta ilipigwa marufuku kitandani kwake. Kila kitu kilifungwa kwa utepe wa kitambaa. Chumba kikapashwa joto. Kumgeuza kulihitaji watu wanne, na mmoja wao, kila zamu yake, alikuwa Bwana Geuza.

"Nilikuwa namwambia, 'Mwalimu, samahani, nakugeuza. Itauma kidogo. Samahani sana.' Halafu tunamwosha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, tunampaka mafuta ya mgando, tunamfunga bandeji zisizonata. Tukimaliza nasema tena samahani."

Mdogo wake mwalimu, mshonaji wa sare za shule, alikuwa anakuja kila siku na kusimama nje ya kioo. Hakuwahi kuingia. Ndugu wengine walikuwa wameshaacha kuja, kila mmoja na maneno yake kuhusu kilichompata mwenzao.

Siku moja Bwana Geuza alimfuata pale nje.

"Dada, ingia. Haiambukizi."

"Siogopi kuambukizwa," akajibu mshonaji. "Naogopa nitamvua ngozi, kaka. Mimi na mikono yangu hii ya cherehani."

"Njoo nikuonyeshe mahali."

Akamvalisha joho la wodi, akamnawisha, akampeleka kichwani kwa dada yake. Ngozi ya kichwa ilikuwa imenusurika. Akamwambia aweke kiganja juu ya nywele, asibonyeze, akiache tu hapo. Mshonaji akaweka kiganja. Akaanza kulia bila sauti, akihofia machozi yasimdondokee mgonjwa, mpaka Bwana Geuza akawa anamfuta mashavu kwa kitambaa kama mtoto.

Tangu siku hiyo mshonaji alikuwa anaingia kila saa ya kutazama wagonjwa na kuweka kiganja mahali palepale.

Mwalimu alikuwa hajaamka bado, Metroni, mkuu wa wauguzi, alipomwita Bwana Geuza ofisini. Asubuhi ile, akivua glovu, zilikuwa na damu kwa ndani. Muuguzi mmoja aliona, akasema, na alipaswa kusema.

"Nionyeshe mikono," Metroni akamwambia.

Akaonyesha. Mipasuko ilikuwa imefunguka yote.

"Tangu lini?"

"Imezoea, Metroni. Inakuja na kuondoka."

"Hiyo mikono iko wazi, Bwana Geuza. Una mgonjwa pale ambaye hana ngozi. Mdudu akitoka kwako akaingia kwake, au akatoka kwake akaingia kwako, tutasema nini?"

"Huyu mwalimu amezoea…"

"Huyu mwalimu ndiyo sababu yenyewe."

Hadi leo anakiri kwamba Metroni alisema kweli. Alihamishiwa stoo ya mashuka mpaka mikono itakapopona, akaandikiwa dawa ya kupaka na kukatazwa maji na sabuni kadiri iwezekanavyo. Stoo iko chini, jirani na chumba cha kufulia, na haina dirisha. Shuka zinakuja zikiwa moto kutoka kwenye mashine. Anazikunja, anazipanga, wahudumu wa wodi wanakuja kuzichukua kwa haraka na kuondoka.

"Siku ya pili nilijisikia nikiiambia shuka, 'Samahani, nakugeuza,'" anasema na kucheka kidogo. "Nikatazama nyuma kama kuna mtu amesikia. Hakukuwa na mtu. Sasa sijui hapo nilifurahi au nilihuzunika."

Habari za wodini zilimfikia kwa vipande. Mwalimu ngozi mpya inaota mgongoni. Mwalimu ametolewa mrija. Mwalimu ameamka, ameomba maji. Mwalimu amehamishiwa wodi ya kawaida ya wanawake.

Siku aliposikia hilo la mwisho alinawa uso, akabadilisha shati, akangoja saa ya kutazama wagonjwa kama ndugu wengine. Hakutaka shukrani, anasema. Alitaka kumwona akiwa amekaa.

Alimkuta kweli amekaa, ameegemea mito, macho bado yamefungwa vitambaa kwa kuwa yalikuwa yameumia vibaya. Mshonaji alikuwa pembeni akimlisha uji. Alipomwona Bwana Geuza uso wake ukang'aa, akamwashiria asogee.

"Habari za mchana, mwalimu," Bwana Geuza akasema. "Pole sana."

Bakuli la uji likaruka.

"Mtoeni!" mwalimu alipiga kelele kwa koo lake lililokuwa bado limekwaruzika. "Ndiye huyo! Ndiye aliyekuwa ananichuna! Mtoeni, jamani, ameniona!"

Wodi nzima ikageuka. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijivuta hadi ukutani. Mlinzi akatokea mlangoni. Bwana Geuza akainua mikono yake miwili hewani, kama mtu anayeonyesha kwamba hakubeba kitu, na mikono yenyewe ndiyo ile yenye magamba, kila mtu akaitazama. Akatoka kinyumenyume.

Alirudi stoo.

"Sikulia," anasema. "Nilikunja shuka. Nilikunja mpaka zile zilizokuwa zimeshakunjwa. Nikawa najiuliza, miaka yote hii, ni wangapi wameondoka hapa wakinibeba hivyo? Maana hawa wengine hawakuniambia. Labda ndivyo nilivyo kwenye vichwa vyao wote, na mimi nilidhani sipo."

Hakumwambia mtu yeyote, kwa kuwa hakuwa na wa kumwambia. Mwanawe alipopiga simu wiki ile, walisalimiana, akaulizwa kazi inaendaje, akasema inaendelea. Alikuwa ameanza kufikiria kumwomba Metroni ahamishiwe getini.

Mwalimu mwenyewe, anayeishi sasa na mdogo wake katika nyumba ya vyumba viwili yenye ukumbi uliojaa vitambaa vya sare, amekubali kusimulia alichokiona akiwa amelala. Amevaa miwani nyeusi, kwa sababu mwanga bado unamchoma macho. Mikono yake ina madoa meupe na meusi, kama ramani.

"Nilikuwa kwenye handaki," anasema. "Nimefungwa kamba mdomoni. Kulikuwa na mtu anakuja na wenzake. Kila akija ananiomba radhi kwanza, kwa upole kabisa, halafu wananimwagia moto, wananichuna, wananitupa mtoni. Kisha wananirudisha. Kilichonitisha si moto. Ni ile samahani. Mtu anayekutesa huku anakuomba radhi, huyo si mtu."

Daktari wa ngozi anasema si ajabu. Ubongo wa mtu aliyelazwa kwa dawa nzito huokota vipande vya yanayotokea, huku sauti, huku maumivu, na kuvishona hovyo hovyo. Wengine hutoka wodi ya mahututi wakiwa na hofu ambayo hawamwambii mtu, wakidhani wamerukwa na akili. Alimweleza mwalimu hayo yote. Mwalimu alisikiliza, akaelewa, na bado usiku hakulala.

Ilichukua siku kadhaa. Kisha mwalimu akamwambia mdogo wake: "Mlete. Lakini mlango uwe wazi, na wewe unishike mkono."

Mshonaji alishuka stoo mwenyewe. Alimkuta Bwana Geuza ameketi juu ya robota la mashuka.

"Kaka, dada anakuita."

"Hapana, dada yangu. Mwacheni apone."

"Ndiyo anataka apone. Ana maswali."

Akaenda. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mbali na kitanda, na hakufungua kinywa mpaka alipoulizwa. Mwalimu aliuliza kama anayesahihisha mtihani.

"Ile kamba ya mdomoni?"

"Mrija wa kupumulia, mwalimu. Ulifungwa kwa utepe wa kitambaa. Plasta ingekuchuna… ingekuumiza."

Kwa kusikia sauti ile mwalimu alikaza mkono wa mdogo wake. Lakini hakusema atoke.

"Na ule moto?"

"Maji ya chumvi, ya vuguvugu. Kwenye ngozi iliyo wazi yanachoma sana."

"Mlikuwa mnanitupa mtoni."

"Tulikuwa tunakugeuza. Tulikuwa wanne. Lile godoro ni la hewa, linayumba."

"Kulikuwa na kengele. Ikilia, mtu anachukuliwa."

"Ni mashine ya kitanda cha jirani. Hakuchukuliwa. Yupo nyumbani kwake, alitoka kabla yako."

Mwalimu akasema polepole, "Na kulikuwa na kitu kichwani. Kizito kidogo. Kikija, wale watu wanasogea mbali."

Bwana Geuza alimtazama mshonaji.

"Ni mimi, dada," mshonaji akasema. "Ni kiganja changu."

Walilia wote wawili. Bwana Geuza alitazama sakafu. Walipotulia, mwalimu akarudi kwenye maswali yake.

"Na mbwa?"

"Mbwa gani, mwalimu?"

"Mbwa mweusi. Alikuwa amelala miguuni mwangu."

"Mbwa simjui," Bwana Geuza akasema. "Huyo ulikuja naye mwenyewe."

Kicheko kilichotoka pale, mshonaji anasimulia, kilimfanya muuguzi aje mbio akidhani kuna lililoharibika. Mwalimu alicheka mpaka midomo yake mipya ikapasuka, ikabidi ipakwe mafuta.

Alibakiwa na swali moja.

"Kwa nini ulikuwa unaomba radhi?"

"Kwa sababu ilikuwa inauma."

"Ulijuaje kwamba nasikia?"

"Sikujua," akasema Bwana Geuza.

Siku ile mwalimu hakumshukuru. Alisema amechoka, akajigeuzia ukutani. Lakini alipokuwa anafika mlangoni alimwita.

"Kesho uje tena," alimwambia. "Usizungumzie hospitali. Zungumza kingine chochote. Nataka sauti yako niizoee kwa mambo mengine."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila saa ya kutazama wagonjwa, Bwana Geuza alipanda kutoka stoo na kukaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Mwanzoni hakujua aseme nini. Hakuwa amezungumza na mtu anayemjibu kwa muda mrefu. Alianza na bei ya nyanya. Akaja kwenye timu yake ya mpira inayofungwa kila wiki. Akaja kwenye kelele za karakana ya mageti, akaigiza jinsi fundi anavyogombana na wateja. Baadaye, bila kuulizwa, alisimulia kuhusu mkewe: alivyokuwa anapiga pasi hata vitambaa vya jikoni, na alivyokuwa anacheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho, hivyo hakuna aliyewahi kukisikia mwisho wake.

Kiti kilisogea kidogo kidogo. Siku vitambaa vilipotolewa machoni mwa mwalimu, kilikuwa tayari kipo ubavuni mwa kitanda.

"Nilikuwa nimemtengeneza kichwani, jitu kubwa," anasema mwalimu. "Nafumbua macho naona kijibaba kifupi, shati limepigwa pasi kola tu. Nikamwomba anionyeshe mikono. Nikaiona. Nikamwambia, 'Kaka, mbona na wewe umechunika?'"

Akampa mkono wake wenye madoa, naye akaupokea. Bwana Geuza hapendi kuzungumzia sana jambo hilo. Anasema tu kwamba hakuwa na glovu.

Mikono yake ilipona vya kutosha, akarudishwa wodini. Siku hizi huvaa glovu nyepesi za pamba ndani ya zile za mpira, mshonaji ndiye anayemshonea, na Metroni huzikagua mwenyewe. Pumu ya ngozi haijaisha na huenda isiishe. Baridi ikizidi inarudi. Muuza duka bado anamwambia aweke hela juu ya kaunta.

Kitu kimoja kimebadilika. Metroni na daktari wa ngozi wamekubaliana kwamba mchana mmoja kila wiki aachwe aende wodi za kawaida, akakae na waliotoka mahututi. Yeye hawafundishi wala hawatibu. Anawauliza kama kuna jambo waliliona wakiwa wamelala ambalo linawasumbua, na kama analijua chanzo chake anawaambia.

Si wote wanaomtaka. Kijana mmoja fundi wa paa alimsikiliza kidogo, akafunika uso kwa shuka na kusema, "Niache, mzee. Sitaki kujua." Bwana Geuza alisimama na kuondoka. "Nayo ni haki yake," anasema. Mama mwingine alimshika mkono na kumuuliza maswali yaleyale mara tatu, na kesho yake hakumkumbuka. Wapo waliomwambia mambo ambayo hawajawaambia wake wala waume zao, kisha wakapona, wakaenda zao, na hajawaona tena.

"Ninachotaka ni kwamba kila atakayefuata baada yangu naye apewe mchana wake," anasema. "Nikistaafu, asije akaachiwa mgongo wa mgonjwa peke yake. Aachiwe na mgonjwa akiwa macho."

Mapumziko ya chai yanakaribia kuisha. Bwana Geuza ameketi kwenye benchi la uani, chini ya nguo za wodi zilizoanikwa. Kuna jambo lingine ambalo amekuwa akilizungukazunguka tangu mazungumzo yaanze, na sasa analitoa. Mwalimu anatarajia kurudi darasani muhula ujao. Kabla ya hapo yeye na mdogo wake wamemwalika nyumbani kwao, Jumapili, kula chakula cha mchana. Amekubali. Tangu mkewe afariki hajawahi kualikwa na mtu akaenda.

"Mambo ya kutembelea watu alikuwa anayajua marehemu," anasema. "Mimi nilikuwa nabeba tu alichoniambia nibebe. Wewe mwandishi unaingia nyumba za watu kila siku. Mtu akialikwa siku hizi anabeba nini?"

Anatajiwa sukari, matunda, sabuni.

"Sabuni hapana," anasema haraka. "Atadhani nimekuja kumwosha." Anafikiri. "Matunda. Yale laini, maana koo lake bado."

Anasimama, anakung'uta suruali, anaanza kuondoka, kisha anarudi hatua moja.

"Na ukishakula," anauliza, "unakaa muda gani kabla ya kuaga?"

Anaambiwa hakuna kipimo. Mtu anakaa mpaka mazungumzo yaishe.

Bwana Geuza anaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayepiga hesabu ya yote aliyonayo ya kusema.

"Basi Jumapili nitachelewa kurudi," anasema, na anaingia wodini.